Kabla hujalaumu emuleta, itazame imeji yako

Mdogo wangu unayetaka kucheza magemu ya PlayStation ya zamani kwenye kompyuta, ngoja kidogo kabla hujapakua chochote. Ichukue CD yenyewe, igeuze, iangalie kwenye mwanga wa dirisha. Shida nyingi zinazoletwa mezani kwangu hapa Mwanga, Kigoma, zinaanzia hapo. Mtu anakuja ameshabadilisha emuleta tatu (programu za kuigiza PlayStation kwenye kompyuta) na bando limekwisha, kumbe programu haina kosa. Kilicholishwa ndani, yaani imeji (nakala ya CD iliyowekwa kwenye faili), ndicho kibovu.

Juzi alikuja kijana wa Gungu na laptopu yake kwenye mfuko wa rambo.

"Shikamoo kaka. Gemu la magari linakwenda vizuri, ila muziki hakuna kabisa."

"Marahaba. CD uliisomaje?"

"Nilitengeneza ISO."

Nilijua papo hapo. Gemu lilikuwa Ridge Racer, lililotoka Japani siku moja na PlayStation yenyewe, tarehe 3 Desemba 1994. Muziki wake haumo ndani ya data za gemu. Umepangwa kwenye CD kama nyimbo za kawaida, zile ambazo hata redio ya CD ingezipiga. Nilipokuwa na kibanda cha gemu kule Ujiji, TV mbili za chogo na pedi nne, watoto walikuwa wakisubiri gemu lishapakia, wanatoa CD na kuweka ya muziki wa dansi, na magari yanashindana huku gita linalia. Kijana huyu alipotengeneza ISO alichukua data akaziacha nyimbo. Gemu likawa linatafuta wimbo ambao haupo.

Nataka uelewe kwa nini, maana ukilielewa hili utajitegemea. CD imegawanywa katika vipande vidogo viitwavyo sekta, 75 kwa kila sekunde. Kila sekta ina baiti 2352. Kwenye sekta ya kawaida ya data, baiti 2048 ndizo mzigo wenyewe, na zilizobaki ni alama za kuanzia, anwani na hesabu za kusahihisha makosa. Faili la ISO huchukua zile 2048 tu. Kwa CD ya programu za ofisini hilo linatosha. Kwa PlayStation halitoshi, kwa sababu sauti inayokwenda pamoja na video mara nyingi hukaa kwenye sekta za aina nyingine zenye mzigo wa baiti 2324, na nyimbo hutumia sekta nzima, zote 2352. Ukikata 2048 kila mahali, unakata nyama pamoja na mfupa. Ndiyo maana CD za PlayStation ya kwanza tunazisoma kuwa BIN (faili lenye sekta nzima) na CUE (maelezo ya mpangilio wake), siyo ISO.

Kuhusu CD yenyewe, wengi wanaikagua upande usio sahihi. Data haziko kwenye uso unaong'aa. Ziko juu, chini kidogo tu ya maandishi, na leza hupita kwenye plastiki ya karibu milimita 1.2 kuzifikia. Mchubuko wa upande wa chini unaweza kuwa wa plastiki tu. Lakini aliyeandika jina lake kwa kalamu ya risasi upande wa juu anaweza kuwa ameshatoboa data, na hapo hakuna kusafisha kutakakosaidia. (DVD ni tofauti, data zake zimebanwa katikati ya mabamba mawili.)

Ioshe kwa maji safi na tone la sabuni ya vyombo, kisha ifute kwa kitambaa laini cha pamba, fulana kuukuu inafaa. Anzia kwenye tundu la katikati uelekee ukingoni, mstari mnyoofu. Usizungushe mkono hata kidogo. Njia ya data kwenye CD imejikunja kama dawa ya mbu ya kuzunguka. Mkwaruzo unaoikata njia hiyo hula kipande kidogo kila mzunguko, na zile hesabu za kusahihisha makosa zinaweza kukiziba. Mkwaruzo unaoifuata njia unafuta data mfululizo, na hakuna cha kuziba.

Tena uwe mkweli kwa CD uliyo nayo. Zile za asili za PlayStation ya kwanza ni nyeusi upande wa chini. Nyingi zilizopita vibandani kwetu zilikuwa za kuchomwa, na huenda aliyezichoma naye alikata nyimbo ili vitu vienee. Ukisoma CD kama hiyo kwa uangalifu wote, utapata nakala safi ya ubovu wake. Usihangaike na mipangilio, tafuta CD nyingine.

Kusoma kwenyewe si kugumu. Kwenye Windows, programu ya ImgBurn ikipewa CD ya PlayStation hutoa BIN na CUE. Punguza kasi ya kusoma iwe 4x au 8x kama draivu inakubali. Kwenye Linux ninatumia cdrdao:

cdrdao read-cd --read-raw --driver generic-mmc:0x20000 --datafile gari.bin --device /dev/sr0 gari.toc

Ile namba 0x20000 usiiache. Bila hiyo baiti za sauti hutoka zimegeuzwa, na muziki wako utasikika kama mvua ya masika juu ya bati. Kisha toc2cue gari.toc gari.cue inakupa faili la CUE.

CUE ndilo linalowashinda wengi, na ni maandishi tu. Lifungue kwa Notepad utakuta kitu kama hiki:

FILE "gari.bin" BINARY
TRACK 01 MODE2/2352
INDEX 01 00:00:00
TRACK 02 AUDIO
INDEX 00 05:10:00
INDEX 01 05:12:00

Mstari wa kwanza unataja faili lenye data. Unaofuata unasema kipande cha kwanza ni data, sekta za 2352. Halafu kuna wimbo, pamoja na dakika, sekunde na fremu unapoanzia. Hapa umetanguliwa na ukimya wa sekunde mbili. Sasa, mtu akibadilisha jina la BIN ili lipendeze na asiguse CUE, emuleta inatafuta faili ambalo halipo tena. Kosa hili nimelifanya mwenyewe usiku mzima, nikafuta na kusoma CD upya mara mbili, wakati dawa ilikuwa kusahihisha jina moja ndani ya alama za kunukuu. Lingine: Windows huficha herufi za mwisho za majina ya faili, kwa hiyo unadhani umesevu gari.cue kumbe ni gari.cue.txt. Washa uonyeshaji wa majina kamili kabla ya lolote.

Kipimo cha haraka ninachowafundisha wote: chukua ukubwa wa BIN kwa baiti, ugawanye kwa 2352. Kikibaki kitu, kuna mahali imekatika au siyo BIN halisi. Ukigawanya kwa 2048 na ikatoka kamili huku kwa 2352 haitoki, mtu amekupa ISO iliyobadilishwa jina. CD ya dakika 74 ina sekta 333,000. Ikisomwa nzima ni baiti 783,216,000, ikisomwa kwa ISO ni 681,984,000. Tofauti ni zaidi ya MB 100, na ukubwa wa faili peke yake unaweza kukuamsha.

Baada ya hapo isome CD mara ya pili, ikiwezekana kwa draivu nyingine, na ulinganishe alama ya MD5, namba inayokokotolewa kutokana na yaliyomo kwenye faili. Kwenye Windows andika certutil -hashfile gari.bin MD5, kwenye Linux ni md5sum gari.bin. Kwa CD ya data tupu alama zikifanana, tulia. Kwa CD yenye nyimbo, draivu mbili zinaweza kutofautiana kidogo mahali pa kuanzia sauti, kwa hiyo usitupe kazi yako kwa tofauti ya kipande cha wimbo peke yake. Ukitaka kujua kama CD yako ya asili imesomwa sawasawa, linganisha alama na kumbukumbu za Redump, ambako wapenzi wa kuhifadhi diski wameorodhesha diski nyingi.

Ukisharidhika, bana faili kuwa CHD kwa programu ya chdman inayokuja na emuleta ya MAME: chdman createcd -i gari.cue -o gari.chd. Hakuna kinachopotea, na unaweza kurudisha BIN na CUE siku yoyote kwa extractcd. Mimi hubana kila kitu, kwa kuwa hard diski zina bei. Gemu la CD zaidi ya moja, mfano Final Fantasy VII yenye CD tatu, litengenezee faili la maandishi la m3u lenye majina ya CHD, kila moja mstari wake, ili emuleta ijue kubadilisha.

Magemu ya PlayStation 2 mengi yako kwenye DVD, na hapo ISO inafaa. Tatizo lake huku kwetu ni flashi. Mtu ana flashi ya GB 32, nafasi tele, anakopi ISO ya GB 4.3, kompyuta inakataa. Anaamini flashi ni feki. Flashi nyingi huja na mfumo wa FAT32, usiopokea faili moja linalofika GB 4. Hamisha vilivyomo, ifomati iwe exFAT, kopi tena.

BIOS, ile programu ya kuwashia iliyomo ndani ya PlayStation, itoe kwenye mashine yako mwenyewe. Ya PlayStation ya kwanza ni faili la KB 512, na likiwa na ukubwa mwingine siyo lenyewe. Kutengeneza emuleta kulishapita mahakamani: mwaka 2000 mahakama ya rufaa ya Marekani iliipa haki kampuni ya Connectix dhidi ya Sony. Lakini BIOS na magemu bado ni mali ya wenyewe, na Tanzania tuna sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999. Mimi nasoma CD za mtu aliyekuja nazo mkononi. Sigawi magemu kwa flashi, na usiniombe.

Mipangilio ya picha sitaisema sana. Kompyuta yoyote ya kawaida inaendesha PlayStation ya kwanza kwa emuleta ya DuckStation. PCSX2, emuleta ya PlayStation 2, inataka prosesa yenye nguvu kwenye kila kiini, kwa hiyo laptopu ya viini vingi dhaifu itakuchosha. Gemu la PAL (mfumo wa TV wa Ulaya) likionekana zito, kumbuka hutembea kwa Hz 50 badala ya 60, na mengi yalitoka hivyo tangu kiwandani. Baadhi ya magemu ya Ulaya pia yana kinga ya kuzuia kunakili iitwayo LibCrypt, na hayo yatakwama mpaka uweke faili dogo la SBI pembeni ya BIN.

Na kusevu. Umeme ukikatika katikati ya gemu utalia, kwa hiyo sevu ndani ya gemu lenyewe, kwenye faili la memori kadi. Ni KB 128 tu, nafasi 15. Ule usevu wa haraka wa emuleta ni mtamu, lakini unaweza kukataa siku ukibadilisha toleo la programu, wakati memori kadi inahamia hata kwenye emuleta nyingine. Kila Jumapili nakopi memori kadi zangu kwenye flashi mbili, moja inakaa kwa mama Ujiji.

Yule kijana wa Gungu tulimwoshea CD yake, tukaisoma kwa 4x. Ilichukua zaidi ya robo saa, kwa sababu sehemu moja karibu na ukingo draivu iliunguruma na kurudia. Alifungua gemu akiwa amesimama. Muziki ulipoanza kabla ya taa za kuanzia mbio, aliketi kwenye ndoo ya rangi akacheza mpaka mke wangu akaja kuuliza kama tunafunga. Ameniachia CD nyingine kumi na moja za kaka yake. Nne zimeshasomwa, na ya tano ina mkwaruzo upande wa juu, hapo kwenye jina.