Kusomea saluni au kujifunzia mtaani?

Mdogo wangu, umeuliza kama baada ya kidato cha nne uende chuo au ujifunzie saluni ya hapo mtaani. Kusuka kunafundishika mtaani. Mkono unakuja kwa kushika vichwa vingi. Dawa za nywele ni habari nyingine. Hizo kazisomee VETA (vyuo vya ufundi vya serikali) au chuo kilichosajiliwa.

Chukua rilaksa, dawa ya kulainisha nywele: ukali wake (pH) hufika 12 na zaidi, ndiyo maana inababua. Mteja aliyejikuna, au aliyeosha kichwa jana yake, arudi siku nyingine. Vaa glovu, mpake mafuta ya mgando kwenye ngozi ya kichwa, masikioni na shingoni, kisha weka dawa kwenye nywele zilizoota upya tu. Ukiivuta mpaka kwenye zilizokwisha lainika, zitakatika baadaye na lawama ni zako. Fuata dakika zilizoandikwa kwenye kopo. Usisubiri mtu alalamike kuwa anaungua. Suuza sana, ndipo utie shampuu ya kuua dawa. Nyingi hutoa povu la waridi dawa ikiwa bado imo, basi rudia mpaka povu liwe jeupe.

Kwenye kusuka, vipele kwenye nywele za mbele maana yake umekaza mno. Wengi watakuomba ukaze ili zidumu (na watanuna ukikataa). Kataa tu: nywele za hapo zikivutwa miaka, huenda zisiote tena.

Kukodi fremu yako mwenyewe kusubiri. Anza kwenye saluni ya mtu kwa kamisheni, na mkubaliane mapema nani ananunua rasta na dawa.