Barua kwa mwanangu: mchanga wa Eigg

Mwanangu,

Salamu zako zimefika, na za mkamwana wangu, na sauti za wajukuu wakigombania simu. Umeniuliza: kisiwa cha Eigg, kule Uskoti, kuna shughuli za kuwatosha watoto siku sita, au mwende zenu Hispania kwenye hoteli yenye bwawa, kama anavyotaka mwenzio? Nilitaka kukujibu palepale. Nikaona hapana, hili nikae niliandike.

Shughuli zipo. Upo mlima An Sgùrr, mita 393, ule mwamba uliosimama juu ya kisiwa kama omo la jahazi. Uliupanda ukiwa mdogo, na mwanao mkubwa atauweza. Upo ufukwe wa Laig, unakaa mchangani na milima ya kisiwa cha Rum iko mbele yako ng'ambo ya maji. Maji yakipwa kuna vidimbwi vya kaa na konokono, na sili wamejilaza majabalini. Mgeni haruhusiwi kuingia na gari, kwa hiyo watoto watatembea, na wakitembea watalala. Lile pango ambamo watu wa kisiwa waliuliwa kwa moshi katika karne ya 16, wadogo usiwaingize. Baba yako alifika mlangoni, akasoma Fatiha, akarudi. Jioni pasipo upepo visubi vinauma, wavike mikono mirefu.

Lakini nimesema siku zote, na utanivumilia nikilisema tena: mtoto hahitaji shughuli, anahitaji mtu mzima asiye na kazi mkononi.

Unaukumbuka mwaka 1999? Wewe una miaka tisa, dada yako mitano. Treni kutoka Glasgow mpaka bandari ya Mallaig ilituchukua zaidi ya saa tano, na njiani ulihesabu matao ya daraja la Glenfinnan ukapata 19, baba yako akapata 21, mkabishana mpaka baharini. (Ni 21. Alikuwa na haki.) Wakati ule meli haikuweza kufunga Eigg. Ilisimama nje, ikaja mashua kutuchukua, na marehemu baba yako, mtoto wa Wete, akacheka peke yake. Alisema, "Nimeiacha Pemba ili nije nishushwe kwa mashua Uskoti!" Nilikuwa sijamwona na furaha ile tangu tuhamie huku.

Wenyeji walikuwa wamekinunua kisiwa chao miaka miwili tu nyuma, tarehe 12 Juni 1997, kwa paundi milioni 1.5, nyingi zikiwa michango ya watu wa mbali. Baba yako kila aliyekutana naye alimuuliza: mlianzaje, nani alitangulia kutoa, mzee gani alikataa? Dada yako anamvuta koti, yeye yumo kwenye mambo ya ardhi. Alipenda kisiwa kiwe na wenyewe.

Sasa habari ya mchanga. Yeye ndiye aliyewaahidi. Alisoma kwamba kaskazini ya Laig kuna ufukwe ambao mchanga wake unaimba ukiukanyaga, kwa sababu punje zake zikiwa kavu husuguana zikatoa mlio. Aliwaambia hivyo nyumbani, kwenye treni, kwenye meli. Siku ya kwanza tukaenda chini ya mvua. Mkakanyaga, mkaruka, mkaburuta miguu. Kimya. Mchanga ukilowa hausemi kitu. Wewe ukamwambia, "Baba, mchanga wako bubu."

Alicheka. Mimi niliyeishi naye nilijua limemwingia. Mtu alikuwa kazini usiku miezi minane, hizi ndizo siku zake na nyinyi, na alikuwa na jambo moja la kuwaonyesha. Kila asubuhi alitoka peke yake kwenda kuushika ule mchanga, akarudi anatikisa kichwa. Siku ya pili, ya tatu, ya nne.

Siku ya mwisho mvua ilikatika, pakavuma upepo mkavu kutwa. Mwezi wa Juni kule sala ya Magharibi inaingia saa nne na nusu usiku, na hata baada ya hapo mbingu haizimi. Aliposali akakunja mswala, akatuangalia, akasema, "Viatu. Twendeni." Nyinyi mlishavaa nguo za kulalia. Dada yako akapanda mabegani.

Mimi sikwenda.

Meli ilikuwa asubuhi. Nilikuwa na nguo za watu wanne kitandani, vyombo vya mwenye nyumba havijaoshwa. Nikamwambia nendeni, mimi nimeona mchanga mwingi maishani mwangu. Maneno hayo niliyasema mimi.

Mlirudi karibu saa sita za usiku, mnapiga kelele barabara nzima ya Cleadale, kijiji tulichofikia. Ulisema mchanga unalia kama raba mpya kwenye sakafu ya shule. Dada yako alisema kama mbwa mdogo. Mkawa mnaigiza sauti mbili mbali mbali, na baba yenu anacheka mpaka anashika ukuta. Kisha akavua kofia yake mbele yangu, ameijaza mchanga, anataka kunisikilizisha. Akaumimina kitandani, akaukanda kwa kiganja, akaukanda tena. Haukulia. Na mimi nikamwambia, "Umenijazia mchanga nguo nilizokwisha kukunja."

Najibishana na nafsi yangu mpaka leo. Nani angefunga mizigo? Baba yako, Mungu amrehemu, hakukunja shati siku zote za ndoa yetu, na meli haimngojei mtu. Hilo ni kweli. Halafu najijibu kuwa mizigo ingefungwa alfajiri, mbona usiku hauna hata giza. Na kweli zaidi ni hii: asubuhi bahari ilichafuka na meli haikuja. Mizigo iko mlangoni, imefungwa vizuri, na sisi tumekaa juu yake tunatazama mvua. Mwenye nyumba akatuletea viazi na mayai. Nikatoka jioni kimyakimya, nikaenda mwenyewe mpaka pale, nikakanyaga. Umelowa. Hilo sijapata kumwambia mtu, wala yeye sikumwambia.

Kwa hiyo uniulize tena kama kuna shughuli za kutosha. Ninalo jibu langu kuhusu Hispania, liko kwenye ncha ya ulimi. Sitalisema. Mkamwana wangu anafanya kazi ya kusimama mwaka mzima, na mtu aliyechoka ana haki ya kulala kando ya bwawa bila mkwe kumwambia kitu. Amueni wenyewe.

Mkiamua Eigg, siku hizi meli inafunga gatini. Tazama ratiba kabla ya kukata tikiti za treni, maana haiendi kila siku. Zile jenereta za dizeli zilizokuwa zikinguruma nyuma ya nyumba hazituamshi tena. Tangu 2008 wana umeme wao wa maji, upepo na jua, na kila nyumba ina kikomo cha kilowati 5, basi msiwashe birika na mashine ya kufulia pamoja. Mkiteremka na jua linawaka, mizigo iacheni nje hivyo hivyo, nendeni ufukweni kwanza, wote, hata aliyechoka.

Na nyumba ukiitafuta, uniambie mapema ina vyumba vingapi.

Mama