Wino wa Rangi ya Divai: Namjibu Dada wa Nachingwea

Dada mmoja wa Nachingwea ameona bahasha nilizoandika kwa ajili ya harusi ya Mikindani mwezi uliopita, akaniuliza: "Kaka, huo wino wa damu ya mzee ni wino gani, na mimi nikiutaka nianzie wapi?" Namjibu hapa hapa, maana sisi tunaopenda mwandiko tuko wengi kuliko watu wanavyodhani.

Wino unaitwa Syrah. Unatengenezwa na Diamine wa Liverpool, Uingereza, kampuni iliyoanza mwaka 1864. Jina wamelichukua kwenye zabibu nyeusi za bonde la mto Rhône, Ufaransa, zinazokamuliwa divai nyekundu. Divai yenyewe haimo, jamani. Ni maji na rangi. Nalisema mapema kwa sababu mama mkubwa aliposikia neno mvinyo tu, aliusogeza msala wake mbali na meza yangu, ikabidi nimweleze taratibu mpaka akaridhika.

Chupa ndogo ya mililita 30 nililetewa na binamu yangu kutoka Dar es Salaam. Ukiandika, wino mbichi unakaribia wekundu, halafu unakauka na kuiva. Mahali kalamu ilipopita haraka panabaki hafifu. Mahali ilipokawia, kwenye kikunjo cha herufi au mwisho wa mkia, wino unatuama na kuwa mzito hata unakaribia weusi. Neno moja linakuwa na rangi tatu. Niliandika majina ya ukoo mzima usiku ule, hai na marehemu.

Kwenye kikao cha harusi, katibu wa kamati aliishika bahasha ya mfano akasema, "Hii si rangi ya mwalimu kusahihishia?" Wajumbe wakacheka. Liliniuma, na bado linaniuma, kwa sababu hakuiangalia hata sekunde mbili. Sikubishana naye. Nikaandika bahasha nyingine, "Bw. na Bi." kwa herufi kubwa za kulala, nikampelekea bibi harusi mwenyewe. Akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha, akasema kadi zote za mwaliko ziandikwe hivyo. Na zote nimeandika mimi, kwa mkono wangu.

Kwa hiyo dada, karatasi kwanza. Jaribu wino kwenye karatasi ile ile utakayoandikia kazi, si nyingine. Karatasi nyingi za madaftari yetu zinanyonya wino ukatambaa kama mizizi, na huku pwani kipindi cha mvua, Desemba hadi Aprili, karatasi inakuwa na unyevu na hali inazidi. Nibu, yaani ncha ya kalamu ya kujaza wino, ikiwa nyembamba inasaidia. Lakini jaribu kwanza kwenye karatasi yako.

Kalamu ioshe kwa maji matupu kabla ya kubadilisha rangi, mpaka maji yatoke meupe. Wino wa muhuri usiutie kabisa, unaziba nibu. Fomu za ofisi na mitihani ya Baraza la Mitihani ziandikie bluu au nyeusi kama wanavyoagiza. Wino huu pia haustahimili maji, tone moja la jasho linafuta jina la mtu, kwa hiyo weka karatasi safi chini ya kiganja.

Na nyie vijana mnaoniambia simu imemaliza kila kitu: mtu akipokea jina lake limeandikwa vizuri kwa mkono, anajua kuna aliyekaa chini akamfikiria. Msikubali kuchekwa mkaacha. Andikeni kila siku, hata mistari mitano. Nunueni karatasi nzuri, na jaribuni wino kabla ya kazi, narudia tena.

Dada, umeuliza pia kuhusu bahasha za kung'aa, zile za dhahabu. Usiziguse kwa wino huu. Karatasi yake hainyonyi, maandishi yanakaa mabichi na kupaka vidole. Mwambie mwenye harusi anunue za kawaida, rangi ya maziwa, ndizo Syrah inazozipenda.