Kabla Hujanunua Presi ya Risasi, Tafuta Meza ya Kukaa

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Changamwe anayeishi Texas aliniandikia. "Shikamoo kaka. Nimeona picha ya kulungu wako wa Novemba, nikaambiwa hata risasi ulijaza mwenyewe. Nina dola mia tano. Ninunue mashine gani?"

Nilianza kumjibu, nikafuta. Nikaanza tena, nikafuta tena. Swali lake ni lile lile nililouliza mimi mwaka 2020, na jibu nililojipa wakati ule nusura linikate vidole. Kwa hiyo nimeona nijibu hapa, kwa urefu, maana najua hayuko peke yake. Tuko wengi sasa huku Marekani tuliojifunza kulenga shabaha na kuwinda, na kila mtu akishapiga risasi za dukani miaka miwili mitatu, wazo la kujaza zake humjia, yaani kuunda risasi mpya kwa maganda yaliyokwisha kupigwa.

Mwaka ule wa korona risasi ziliadimika nchi nzima. Karibu na ninapoishi Minnesota, pale Anoka, kuna kiwanda kikubwa cha risasi, na bado rafu za maduka yetu zilikuwa tupu. Nilikuwa nimeanza kushindana na bastola ya 9mm kwenye uwanja wa shabaha Jumamosi moja kila mwezi. Maganda matupu nilikuwa nayo, ndoo nzima, kwa sababu nilikuwa nikiyaokota bila kujua nitayafanyia nini. Risasi ina vitu vinne tu: ganda, fataki (kile kidonge cha kitakoni kinachowasha baruti), baruti na kichwa, ambacho ndicho kinachoruka. Ganda la shaba nyeupe halichakai kwa mlio mmoja. Unatoa fataki iliyokwisha kazi, unalirudishia ganda umbo lake, unaweka fataki mpya, unapima baruti, unakandamiza kichwa, basi. Kwa maneno ni rahisi hivyo.

Nikaingia dukani. Muuzaji aliniuliza mara mbili kama naelewa ninachonunua, na sivyo alivyomuuliza mteja aliyenitangulia. Nikaumia. Kwa kuumia nikanunua mashine kubwa kuliko niliyoihitaji, ile presi inayozunguka, ambayo kila ukivuta mkono wake inafanya kazi nne au tano kwa mpigo. Nilitaka aone kwamba naelewa. Sikuwa naelewa. Nilitazama video tatu, nikaifunga mezani kwenye chumba cha chini, nikaanza.

Nilikuwa nafanya zamu ya jioni kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Nafika nyumbani saa tano usiku, na saa hiyo Kenya ni saa moja asubuhi, simu za nyumbani ndipo zinapoanza. Usiku mmoja ndugu yangu alipiga kuhusu karo ya mtoto. Niliweka simu begani, nikaendelea kuvuta. Mkono wa presi ukakwama katikati. Nikaurudisha nusu, nikatoa ganda moja, nikarudisha lingine, nikavuta tena. Tukamaliza mambo ya karo. Nikamaliza risasi mia mbili. Nikalala nikijiona fundi.

Jumamosi nikaenda uwanjani. Thelathini na moja zilitoka vizuri. Ya thelathini na mbili haikulia kama risasi, ililia "pu", kama mtu aliyefinya chupa ya plastiki. Bastola haikurudi nyuma. Nikadhani fataki imegoma. Nikavuta sehemu ya juu kwa mkono, ganda likaruka, risasi mpya ikaingia chemba, pale nyuma ya mtutu inapokaa tayari kufyatuliwa, nikainua tena kulenga.

Mkono mzito ukanishika begani. "Simama. Weka chini." Alikuwa mzee mmoja mweupe ambaye kwa miezi tulisalimiana tu. Aliinama, akaokota ganda lililoruka, akaliinua machoni pangu. Mdomo wake ulikuwa mtupu, umejaa masizi.

"Kichwa kiko wapi?" akaniuliza.

Kichwa kilikuwa ndani ya mtutu. Ganda lile halikuwa na baruti kabisa. Nguvu ya fataki peke yake ilikisukuma kichwa hadi kikakwama njiani. Ningevuta kifyatulio mara moja zaidi, risasi ya pili ingegonga ya kwanza, na mtutu ungepasukia mikononi mwangu. Tuliitoa ile risasi ya chemba, tukafungua bastola, akakitoa kichwa kwa fimbo ya shaba na nyundo. Kisha akaniuliza zimebaki ngapi.

Mia moja sitini na nane. Tulizifungua zote gerejini kwake, jioni mbili, kwa ile nyundo ya plastiki ambayo unapachika risasi ndani yake, unagonga chini, kichwa kinachomoka. Kila moja tuliimwaga baruti yake kwenye mizani. Mbili zilikuwa na kipimo maradufu. Ile ya "pu" ilinionya kwa sauti. Hizi mbili hazingenionya, zingelipuka tu. Hakunikaripia. Alizitenga kando ya meza, akasema: "Njoo Alhamisi."

Nilienda Alhamisi hiyo, na nyingine zote kwa miezi tisa.

Ndugu zangu, hapa ndipo nataka mnisikilize. Sikugusa presi kwa wiki tano. Wiki tano! Kazi yangu ilikuwa maganda. Kuyachagua, kuyasoma maandishi ya kitakoni, kutafuta ufa, kutafuta mstari unaong'aa karibu na kitako unaoonyesha ganda limechoka na litakatika. Kulikuwa na mama mmoja pale, muuguzi mstaafu, bingwa wa bastola kuliko sisi wote, ambaye angechukua ganda nililolipitisha, akalizungusha kwenye mwanga, akaliweka upande wa mabovu bila kusema neno. Mara ya kwanza niliona ananidharau. Nilikuja kuelewa kwamba ananisomesha. Video haikuchukulii ganda mkononi ikalirudisha.

Yeye ndiye aliyenifundisha mizani. Kipimo cha baruti ni greni, na greni elfu saba ndizo zinazofanya ratili moja, kwa hiyo utaona ni vitu vidogo namna gani. Alinionyesha sindano ya mizani ikihama kwa sababu tu hita ya gereji imewaka na upepo wake unapita mezani. Nje ilikuwa baridi ya chini ya sifuri kwa nyuzi ishirini, na sisi tunazima hita ili tupime. Tunapima, tunawasha, tunaota moto, tunazima, tunapima. Aliniwekea kidole changu juu ya kitako cha ganda nihisi fataki imekaa: isichomoze, iwe sawasawa na kitako au ndani kidogo. Ukihisi imechomoza, ni mbovu. Macho hayatoshi.

Na kuna siku siwezi kuisahau. Niliacha baruti kwenye chombo cha kumiminia, Alhamisi moja hadi nyingine, bila kibandiko. Mzee akaniuliza ni ipi. Nikasema, "Nadhani ni ile ya..." Hakuningoja nimalize. Alichukua chombo, akafungua mlango wa gereji, akaimwaga nje. Ilikuwa baruti ya pesa yangu. Akaniambia neno "nadhani" halikai kwenye meza hii. Tangu siku hiyo mezani kwangu kuna kopo moja tu la baruti, lile ninalolitumia, na nikimaliza linarudi kabatini kabla sijainuka. Baruti mbili zinaweza kufanana kwa macho kama chumvi na sukari, moja ikawaka taratibu na nyingine kwa ghafla.

Presi aliyonianzishia haikuwa ile yangu kubwa. Ilikuwa ya hatua moja, yaani kila ukivuta inafanya kazi moja tu, nzito, ya kijani, yenye umri karibu na wangu, ya kampuni ya RCBS. (Jina hilo lina hadithi: mwanzilishi wake, Fred Huntington wa Oroville, California, alikuwa akitengeneza kalibu za kutengenezea vichwa vya risasi kwa ajili ya kuwinda mnyama mdogo wa milimani aitwaye rock chuck, na herufi mbili za kwanza ni za mnyama huyo.) Ganda hamsini zinapita hatua ya kwanza, zinapangwa kwenye ubao wenye matundu hamsini. Zinapita ya pili. Ukishatia baruti, kabla ya kichwa chochote kuingia, unachukua tochi, unamulika ganda moja moja, unatazama kimo. Iliyojaa zaidi utaiona. Tupu utaiona. Hayo ndiyo yote yaliyokosekana usiku ule wa karo: kumulika, na kuzima simu. Leo simu yangu hukaa jikoni. Nyumbani wameshajua, kama kuna msiba watampigia mke wangu.

Miezi ya mwisho tukahamia bunduki ya kuwindia, inayotumia risasi ya aina ya .30-06. Hapo nilijifunza kwamba ganda la bunduki hurefuka kila likipigwa na kurudishwa umbo, na usipolikata litabana kichwa ndani ya chemba na kupandisha shinikizo. Kwa .30-06 kikomo ni inchi 2.494, na unalikata lirudi 2.484. Nilijifunza pia kulipaka ganda mafuta kabla ya kuliingiza kwenye kalibu ya kulirudishia umbo. Nilisahau mara moja, likaganda humo, tukalitoa kwa kutoboa na skrubu, saa nzima. Na kipimo cha baruti tulikichukua kwenye kitabu cha vipimo, toleo jipya, tukaanza na cha chini kilichoandikwa, tukapanda kidogo kidogo huku tukitazama dalili za shinikizo kuzidi: fataki kama zinabapa, na bolti, ile komeo ya bunduki, kama inakuwa ngumu kufunguka. Ukibadilisha kichwa au fataki, unarudi chini tena. Mtu akikupa kipimo mtandaoni, hata akiwa Mkenya mwenzako, hata akiapa, usikitie kwenye ganda lako. Kuna mtu nilimheshimu sana aliyenitumia kimoja. Nilipokilinganisha na kitabu kilikuwa juu ya kikomo. Nilipomwambia alinifungia mawasiliano. Bado inaniuma, lakini mikono yangu ni mizima.

Nimezaliwa Kitale baada ya serikali kupiga marufuku uwindaji Kenya mwaka 1977. Kwetu bunduki ilikuwa ya askari au ya jambazi, hakuna mwingine. Kwenye sherehe moja ya Wakenya hapa mtu alinisema mbele ya watu kwamba nimekuja Amerika kusomea ujambazi. Nilinyamaza. Novemba hii nilipiga kulungu mkia-mweupe mmoja kaskazini, hatua kama tisini, risasi moja, ya mkono wangu, akaanguka palepale. Yule mtu alikuja kula. Nilimkaribisha na ugali, naye akaongeza mara ya pili.

Sasa, kijana wangu wa Texas. Kwanza sheria. Ukiwa na kadi ya ukazi wa kudumu, silaha unaruhusiwa kuwa nayo kama huna katazo lingine. Ukiwa kwa viza ya muda, kwa kawaida huruhusiwi, na zipo hali chache tu zinazokuachia. Jua uko wapi kabla hujashika chochote. Risasi za kutumia mwenyewe sheria ya taifa haidai leseni uzijaze. Kuzitengeneza uuze inadai. Usimuuzie rafiki. Usimpe hata za bure, kwa sababu kosa lako litapasukia usoni mwake. Na wenzetu mlioko Kenya, msijaribu jambo hili nyumbani; huko kutengeneza risasi bila leseni ni jela.

Pili, dola zako mia tano zifunge. Nenda uwanja wa shabaha siku ya mashindano, na watu wakianza kuondoka wewe baki. Okota maganda, panga viti, rudisha mbao za shabaha. Watazame wanaookota maganda yao wenyewe na kuyatia mifukoni kwa uangalifu, hao ndio wanaojaza. Mwulize mmoja kama unaweza kuja kukaa mezani kwake. Usiulize presi gani, kwa sababu atakujibu, nawe utaenda kununua, na utakuwa peke yako chumba cha chini kama mimi. Omba kukaa. Atakayekukubali nenda na miwani ya kukinga macho na mikono mitupu. Ukitoka, nawa mikono vizuri kabla hujamshika mtoto wala chakula, maana risasi na fataki zina madini ya ledi, na vumbi lake halionekani.

Wengine watakukatalia. Mimi klabu ya kwanza niliyokwenda waliniuliza mara tatu kama kadi ya uanachama ni yangu kweli, nikaondoka sikurudi. Nenda nyingine. Watu wa kufundisha wapo, wengi wao wana nywele nyeupe na wanatafuta mtu wa kumwachia wanachokijua. Watoto wao hawataki. Mzee wangu sasa macho yamepungua, na Alhamisi mimi ndiye ninayemulika tochi kwenye zake.

Ukishampata wako, niandikie uniambie alikuanzisha na nini. Akikuanzisha na maganda, kaa hapo hapo. Akikupa mkono wa presi siku ya kwanza, mshukuru kwa chai, utafute mwingine.