Sebene Imeishia Wapi? Maswali Yenu Kuhusu Nyimbo Zilizokatwa

Barua za mwezi huu zimeangukia mahali pamoja: wimbo ni uleule, dakika ni tofauti. Tumechagua sita. Mbili kati yake tumezijibu kwa urefu kwa sababu zinahusu kazi ya mikono, na kazi ya mikono haielezeki kwa mstari mmoja.

Nimenunua santuri ndogo ya rumba ya Kikongo ya miaka ya sabini. Upande wa kwanza unafifia mwimbaji hajamaliza, na wa pili unaanza magitaa yakiwa yameshachanganya. Rafiki yangu ana wimbo huohuo kwenye CD, umenyooka mwanzo hadi mwisho. Je, yangu ina kasoro? (Msomaji, Mombasa)

Haina kasoro. Santuri ya inchi 7 inayozunguka mara 45 kwa dakika, ambayo RCA Victor waliiingiza sokoni Marekani mwaka 1949, ina ukanda wa kuchongea mifuo (mistari inayofuatwa na sindano) wenye upana wa kama milimita 30 tu. Piga hesabu. Wimbo wa dakika 3 unahitaji mizunguko 135, kwa hiyo kila mfuo unapata nafasi ya milimita 0.22. Wimbo wa dakika 5 ni mizunguko 225, na nafasi inashuka hadi milimita 0.13. Ukilazimisha dakika 7, unabaki na chini ya milimita 0.1. Besi ndiyo inayoumia kwanza, kwa sababu sauti nzito huuyumbisha mfuo kushoto na kulia kuliko sauti nyembamba. Mifuo ikisongamana, mchongaji hulazimika kupunguza sauti yote, na hapo mikwaruzo inaanza kushindana na muziki, au kupunguza besi peke yake, na rumba iliyopunguzwa besi haichezeki.

Njia iliyobaki ni kuugawa wimbo, na rumba inagawanyika vizuri kwa maumbile yake. Kwanza beti na kiitikio kwa mwendo wa taratibu, kisha waimbaji wanawapisha wapiga magitaa, na hiyo ndiyo sebene. Kinshasa walizoea kuweka uimbaji upande mmoja na sebene upande wa pili, lebo ikiandikwa kwa Kifaransa sehemu ya kwanza na sehemu ya pili. Santuri zilizochapwa Nairobi kwa bendi za Kiswahili zilifuata utaratibu huohuo. Mgawanyo huo ulikuwa na faida yake: aliyesimamia gramafoni baa aliweza kuweka upande wa pili moja kwa moja watu wakishachangamka.

CD ya rafiki yako huenda imetokana na utepe wa studio kabla haujagawanywa, au kuna fundi aliyeziunga pande mbili baadaye. Kwa sababu hiyohiyo, nyimbo za bendi za Dar es Salaam zilizorekodiwa Radio Tanzania tunazisikia nzima. Zilirekodiwa kwenye utepe ili zirushwe hewani, na hakuna aliyezipima kwa upande wa santuri ndogo. Na Franco, mwanamuziki wa Kongo, alipotoa "Mario" mwaka 1985, santuri kubwa ilimwachia zaidi ya dakika 10 bila msikilizaji kuinuka kugeuza.

Basi nami nataka kuziunga pande mbili za santuri yangu kwenye kompyuta. Nimejaribu, lakini pale kwenye kiungo muziki unaruka, na hata usiporuka unasikika kama umehamia chumba kingine. (Msomaji, Kigoma)

Kabla ya kugusa wembe wa kompyuta, hakikisha pande hizo mbili zilikuwa kipande kimoja. Sikiliza mwisho wa upande wa kwanza. Kama sauti inafifia, na upande wa pili unaanza kwa kuibuka polepole au kwa kukatiza katikati ya mdundo, bendi ilipiga moja kwa moja na fundi ndiye aliyekata. Kama upande wa kwanza unaishia kwa pigo la pamoja na wa pili unaanza kwa gitaa safi peke yake, walipiga mara mbili. Hapo usiunge. Mwendo hautalingana, na utakuwa umetengeneza wimbo ambao bendi haikuupiga.

Safisha santuri, kisha itazame ikizunguka. Tundu kubwa la milimita 38 likikaa upande kwenye kiunganishi chake, sauti itayumba juu na chini kila baada ya sekunde 1.3, yaani mara moja kwa kila mzunguko. Santuri iliyoyumba haiungiki vizuri, kwa sababu noti moja itakuwa juu upande huu na chini upande ule. Isukume kidogo kwa kidole hadi mkono wa sindano utulie. Rekodi pande zote mbili kwa mfululizo, gramafoni ileile, bila kugusa kitufe cha sauti, kwa biti 24, vilele vya sauti vikifika desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) chini ya kiwango cha juu kabisa cha kurekodi. Programu ya bure kama Audacity inatosha kabisa.

Sasa tafuta marudio. Wakati mwingine mafundi waliacha sekunde kadhaa za muziki uleule mwishoni mwa upande wa kwanza na mwanzoni mwa wa pili. Weka pande zote mbili kwenye mistari miwili, moja juu ya nyingine, utafute pigo la ngoma linalojulikana kwa umbo lake, kisha usogeze mstari wa chini hadi mapigo yaoane. Yakioana vizuri, sauti itakuwa nene kidogo, kama mtu anayeongea ndani ya bomba. Ukisikia mapigo mawili mawili, bado hujafika.

Kosa la kwanza la wengi ni kujaribu kuupandisha ufifiaji wote urudi juu. Mwisho wa ufifiaji, muziki umeshuka desibeli 30 au zaidi, na ukiupandisha, kelele za mfuo zinapanda pamoja nao kwa kiasi hichohicho. Tumia theluthi ya kwanza tu ya ufifiaji, pale ambapo sauti haijashuka zaidi ya desibeli 8 hadi 10. Ipandishe hapo, na kiungo kiwe hapohapo. Kata kidogo sana kabla ya pigo zito, kiasi cha sehemu moja ya mia ya sekunde, halafu uchanganye kwa milisekunde 10 hadi 20.

Hicho "chumba kingine" unachokisikia kinatoka kwenye santuri yenyewe. Mzunguko wa nje wa mfuo una urefu wa kama sentimita 53, na ule wa ndani karibu na lebo una sentimita 34. Sekunde moja ya muziki mwishoni mwa upande imebanwa kwenye nafasi ndogo zaidi, na matoazi na sauti kali zinafifia au kukwaruza. Kwa hiyo unaunga mahali penye giza zaidi pa upande wa kwanza na mahali penye mwanga zaidi pa upande wa pili. Dawa yake ni kuongeza sauti kali, kuanzia hezi 5,000 kwenda juu, kidogo kidogo katika nusu dakika ya mwisho ya upande wa kwanza: anza na sifuri, malizia na desibeli 2 au 3. Ukiongeza zaidi ya hapo, mikwaruzo ndiyo itakayong'aa.

Kama hakuna marudio hata kidogo, acha ufifiaji kama ulivyo. Kunakili mdundo kutoka mahali pengine ili kuziba pengo ni kughushi, hata kama masikio ya wengi hayatagundua.

"Light My Fire" ya The Doors redioni ni dakika tatu, kwenye santuri kubwa ni karibu saba. Lipi ndilo toleo halisi? (Msomaji, Nairobi)

Kwa wimbo huo, refu ndilo lililotangulia. Lilitoka kwenye santuri kubwa yao ya kwanza, 1967. Redio zikalitaka, prodyuza Paul Rothchild akaondoa karibu muziki wote mtupu wa katikati, yaani kinanda kisha gitaa, likabaki dakika 2 na sekunde 52. Hilo fupi ndilo lililofika namba moja Marekani Julai mwaka huohuo. Kwa maoni yetu ni mkato wa fundi hodari, lakini anayelijua hilo tu hajaijua bendi, kwa sababu pale katikati ndipo walipokuwa wanasikilizana.

Usiifanye hiyo kuwa kanuni. "Layla" ya Derek and the Dominos ilikatwa hadi chini ya dakika 3 mwaka 1971, sehemu yote ya piano ikaachwa nje, na haikufika mbali. Mwaka 1972 ikarudishwa ikiwa nzima, dakika 7, ikaingia kumi bora Marekani na Uingereza. The Temptations nao, 1972, walitoa "Papa Was a Rollin' Stone" ya karibu dakika 12 kwenye albamu, ambayo unangoja karibu dakika 4 kabla ya kusikia mtu akiimba. Ya santuri ndogo ni karibu dakika 7. Mkato ule hauna jeraha, kwa kuwa kungoja kumepunguzwa lakini hakukuondolewa. Sikiliza zote mbili kwa siku moja utaona tofauti ya kukata kwa akili na kukata kwa saa.

Na wakati mwingine fupi ndiyo mama. Enzi za disko, DJ Walter Gibbons alichukua "Ten Percent" ya Double Exposure akairefusha hadi karibu dakika 10 kwa santuri ya inchi 12, ambayo kampuni ya santuri ya Salsoul iliiuza madukani mwaka 1976. Mtu akikuambia "refu ndiyo asili", muulize kwanza utepe wa studio ulikuwa na dakika ngapi.

Lebo ya santuri yangu ya The Righteous Brothers imeandikwa 3:05, lakini saa inaonyesha dakika 3 na sekunde 45. Gramafoni yangu inaenda polepole? (Msomaji, Zanzibar)

Hapana. Hiyo ni "You've Lost That Lovin' Feelin'" ya 1964, na lebo ndiyo iliyodanganya. Prodyuza Phil Spector aliandika muda mfupi makusudi, kwa hofu kwamba redio zingeukataa wimbo wa karibu dakika nne. Ukikusanya santuri, pima kwa saa. Usinakili lebo.

Kabla ya kompyuta walikata vipi? (Msomaji, Tanga)

Kwa wembe, na kwa rula iliyokuwa kichwani. Utepe wa studio ulipita kwa kasi ya sentimita 38 kwa sekunde. Kwa wimbo wa mapigo 120 kwa dakika, kila pigo ni nusu sekunde, yaani sentimita 19 za utepe, na mapigo manne ni sentimita 76. Kuondoa dakika nzima ni kuweka kando karibu mita 23. Fundi alizungusha magurudumu kwa mkono, mbele na nyuma, hadi pigo la ngoma likae juu ya kichwa cha kusomea, akatia alama kwa penseli ya nta mgongoni mwa utepe. Akaulaza kwenye kibao chenye mkato wa nyuzi 45, akakata, akakutanisha ncha mbili bila kupishana, akabandika gundi tepe upande wa mgongo. Mkato wa mshazari huchanganya sauti mbili kwa takriban sehemu mbili za mia za sekunde, ndiyo maana hausikiki kama mlio. Kazi hii ilifaa kufanywa kwenye nakala, si kwenye utepe mama.

Yaliyoharibika yalikuwa yaleyale kila mara. Bendi hai huongeza mwendo bila kujua, kwa hiyo ukiunga dakika ya 2 na dakika ya 6 wimbo unashtuka. Toazi linalolia linakatwa mkia. Mwimbaji anaanza ubeti bila pumzi iliyotangulia, sikio likahisi jambo ingawa haliwezi kulitaja. Na wembe uliopata usumaku huacha mlio wa "tik" kwenye kila kiungo.

Sisi ni bendi ya dansi. Wimbo wetu una dakika 5 na sekunde 40, redio inataka usizidi tatu na nusu. Tukate wapi? (Msomaji, Mwanza)

Hesabu kwa mapigo, dakika zitafuata. Tuseme mwendo ni mapigo 100 kwa dakika: mapigo manne ni sekunde 2.4, na fungu la mapigo manne mara nane ni sekunde 19.2. Mkiondoa mafungu saba mmeondoa sekunde 134, wimbo umebaki dakika 3 na sekunde 25. Yatoeni hivi: fungu moja kwenye utangulizi, moja kwenye kiitikio kinachorudiwa bila badiliko, mawili katikati ya sebene, matatu mwishoni.

Kwenye sebene msikate mwanzo wala mwisho. Mwanzo ndio unaomwinua msikilizaji, na mwisho ndio unaomrudisha kwenye wimbo. Katikati ndipo gitaa la solo huzunguka kibwagizo kilekile mara ya tatu na ya nne, na hapo hakuna atakayelia. Angalieni besi ianze kwenye noti ya kwanza ya fungu baada ya kiungo. Ikianzia ya tatu, wachezaji watakosea mguu. Msiharakishe mwendo ili kuokoa sekunde, maana sauti ya mwimbaji itabadilika sura. Na msifute chochote: kateni kwenye nakala, mkiuhifadhi mradi mzima wa kompyuta na mistari yake yote ya sauti.

Mkipeleka kwenye majukwaa ya mtandaoni, toleo fupi lipewe jina lake linaloonekana na msimbo wake wa ISRC, ule wa herufi na tarakimu 12 unaoitambulisha kila rekodi. Msitumie msimbo mmoja kwa matoleo mawili, kwa sababu mirabaha hufuata msimbo, na redio zikicheza fupi huku mfumo ukihesabu refu, kumbukumbu za malipo yenu zitachanganyika tangu mwezi wa kwanza.