Maswali ya Wasomaji: Bweni la Chuo Wakati wa Janga

SWALI: Mimi ni matroni wa hosteli ya chuo, Raskazone, Tanga. Vyuo vilipofunguliwa tena tarehe 1 Juni 2020, baada ya kufungwa kwa sababu ya korona, hatukuwa na mahali pa kumlaza aliyeanza kukohoa. Sasa tumeambiwa tutenge chumba mapema. Tuchague kipi?

JIBU: Msianze na vitanda, anzeni na hewa. Tafuteni chumba cha mwisho wa koridoni, chenye dirisha linalotazama nje na, ikiwezekana, choo chake. Kisha washeni udi. Wekeni chetezo mlangoni, mlango ukiwa wazi kidogo, dirisha wazi kabisa, mtazame moshi. Moshi ukiingia chumbani na kutokea dirishani, chumba kinafaa. Ukirudi koridoni, mgonjwa atawapumulia wenzake wote, hata mkipiga deki mara kumi. Rudieni jaribio msimu ukigeuka, maana chumba kinachofaa wakati wa kusi huenda kisifae kaskazi ikianza kuvuma.

Chumbani pawe na kipimajoto na kipima oksijeni cha kidoleni. Pimeni asubuhi, mchana na jioni, mgonjwa akiwa ameketi ametulia, mkono una joto, mkisubiri namba itulie kabla ya kuandika. Rangi ya kucha na piko huweza kukidanganya kifaa; kama bibi harusi wa juzi ana piko hadi kwenye kucha, jaribuni kidole kisichopakwa, au ndewe ya sikio kwa kifaa cha sikio. Oksijeni ikishuka chini ya asilimia 94, apelekwe hospitali. Chini ya 90 ni dharura, msingoje asubuhi.

Msiitegemee namba peke yake. Kwa watu wenye ngozi nyeusi, vifaa hivi wakati mwingine husoma juu kuliko hali halisi. Hesabuni pumzi kwa dakika nzima: mtu mzima akizidi 30, au akishindwa kumaliza sentensi bila kuhema, mpelekeni hospitali ya Bombo hata kama kifaa kinaonyesha 95. Ushauri wa Wizara ya Afya hupatikana kwa kupiga 199, bila malipo.

Chakula kiachwe mlangoni, na mtu mmoja anayejulikana ampigie simu mgonjwa kila siku. Anayefichwa bila kuulizwa hali hutoroka usiku kurudi kwa wenzake.

SWALI: Nasimamia usafi katika chuo kimoja Bagamoyo. Kila mfanyakazi anachanganya jiki kwa kukisia. Kipimo sahihi ni kipi?

JIBU: Someni lebo kwanza, kwa sababu nguvu hutofautiana. Kwa jiki ya asilimia 3.5, vitasa, meza na swichi vinahitaji sehemu 1 ya jiki kwa sehemu 34 za maji, yaani kama mililita 290, kisha ongezeni maji hadi ndoo ifike lita 10. Palipomwagika matapishi au damu, sehemu 1 kwa 6.

Kosa kubwa ni kupaka jiki juu ya uchafu: uchafu huimaliza nguvu kabla haijagusa kijidudu. Osheni kwa sabuni, suuzeni, ndipo mpake, na pabaki pabichi angalau dakika moja. Changanyeni mpya kila siku, chombo kiwe na mfuniko na kikae kivulini. Kamwe msiichanganye na dawa ya choo yenye asidi. Hutoa gesi inayochoma mapafu. Na msiwapulizie watu getini! Mtindo huo ulionekana sehemu nyingi mwaka 2020 na haukuzuia lolote, uliwasha macho tu. Kwa mikono, maji yanayotiririka na sabuni vinatosha.

SWALI: Mihadhara ikirekodiwa kwa video, bando langu linakwisha kabla ya wiki. Nifanyeje? (Mwanafunzi, Tanga)

JIBU: Mwombeni mhadhiri atume sauti peke yake pamoja na kurasa za maelezo. Dakika 50 za sauti kwa kilobiti 32 kwa sekunde ni kama megabaiti 12. Mwakilishi wa darasa apakue mara moja, wengine warushiane kwa bluetooth.