Anayeacha kazi Mwanza kufuata 1,200,000 ya Dar, soma hapa kwanza

Usisaini! Umeuliza Mwanza au Dar wapi panamlipa dizaina, na ukae mtaa gani. Nilipofika pale ulipoandika "hapa napata 600,000, Dar wananipa 1,200,000, si mara mbili hiyo?" nikasogeza sahani ya sato pembeni. Hesabu hiyohiyo niliipiga mimi mwaka 2022, nikiwa kwenye duka la uchapaji karibu na Makoroboi.

Mkuu, hiyo ni kabla ya makato. NSSF, akiba ya uzeeni, asilimia 10, 120,000 imeondoka. PAYE, kodi ya mshahara, 152,000. Bodi ya Mikopo wanaodai mkopo wa chuo, asilimia 15, 180,000 nyingine. Mkononi ikaingia 748,000. Mwanza 600,000 yangu nilipewa taslimu, Bodi hawajui hata nimejificha wapi (usinihukumu).

Mwanza, kule Nyegezi, nilipanga kwa 80,000. Dar, pale Sinza, 250,000, mwenye nyumba anataka miezi sita kwa mkupuo, na dalali naye mwezi wake. 1,750,000 kabla sijanunua godoro! Toa kodi ya mwezi uone: Mwanza nabaki na 520,000, Dar 498,000. Nimesafiri kilomita zaidi ya 1,000 kwenda kupungukiwa 22,000. Nauli ya kwenda ofisini Masaki kila siku sijaigusa.

Ila kilichonimaliza ni hiki: hiyo 1,750,000 niliipata kwa kuuza kompyuta yangu. Ndiyo, dizaina kauza kompyuta. Nilijiambia ofisini nitapewa nyingine. Nikapewa, ila haitoki mlangoni. Na ile ya kwangu ndiyo iliyonipigia kadi za harusi, mabango ya saluni na jezi za timu za ndondo, 200,000 hadi 300,000 kila mwezi. Wateja wa Mwanza wakapiga simu, nikawazungusha, mwezi wa tatu wakanyamaza. Leo wana kijana mwingine.

Na yule jamaa yangu aliyenipigia kelele "njoo mjini, unaoza huko kwenye mawe", picha za Coco Beach kila Jumapili? Nimefika nakuta analala sebuleni kwa shemeji yake. Kodi hajawahi kulipa maishani! Akanidai na soda.

Kwa hiyo wapigie leo, waambie wakuandikie kinachoingia mkononi, si kilichoandikwa kwenye barua. Wakizunguka, baki na ziwa lako. Na kompyuta usiiguse hata mwenye nyumba akilia machozi.

Halafu hujasema: chuo ulisoma kwa mkopo?